Tundu la Mkono Mmoja

Kabla bibi hajafumba macho, alimnong'oneza kaka yangu mahali alipoficha bangili zake za dhahabu: ndani ya kopo, ukutani, nyuma ya kabati. Mimi niliyempikia na kumfulia miaka mitatu sikuambiwa. Nilichumia juani, kivulini akala kaka.

Lakini kaka ni fundi cherehani, na ukuta haushoneki. Ikabidi aniite mimi, fundi mwashi.

Nilitoboa tundu dogo makusudi, la kutosha mkono wangu mwembamba tu. Wa kaka umenenepa kwa kukaa. Nikaupenyeza mpaka kiwikoni, vidole vikagusa bati la baridi. Nikalikamata kopo. Lilikuwa zito.

"Vipi?" kaka akauliza.

"Hamna kitu. Bibi alikuwa anaweweseka tu."

Nikavuta mkono. Vidole vikakataa kuliachia kopo, nalo likagota kwenye tundu. Nikalipindua, nikavuta tena, jasho likanichuruzika mpaka kidevuni.

Kaka aliutazama mkono wangu kwa jicho la mtu anayepima wenzake nguo kila siku. Akavuta kigoda, akakaa.

"Basi utoe, mdogo wangu," akasema taratibu. "Nakusubiri."