Jibu la Denny Crake

Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja Clive Tranter aliusoma mara tatu, kisha akavua miwani akaifuta kwa shati, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo.

"Hadi mwaka 1983, nilipotimiza miaka arobaini na moja," kilisema kitabu, "sikujua kusoma wala kuandika. Saini yangu niliichora tu, kama mtoto anavyochora nyumba. Barua za mashabiki tuliwashia jiko."

Aliyesema hayo ni Denny Crake mwenyewe, mfalme wa roki, ambaye Clive alimfuata tangu ujana. Kitabu cha maisha yake kilitoka Alhamisi. Clive alikuwa mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa, mzee mzima wa miaka sabini na moja, fulana ya bendi ikimbana kitambi.

"Umefika alipokutaja?" aliuliza Noreen, mkewe, kutoka jikoni. Alikuwa anachemsha mbaazi za kijivu na bekoni. "Au mfalme wako kakusahau?"

"Hebu nyamaza kidogo, mwanamke."

Barua ya Crake ilikuwa ukutani, juu ya televisheni, ndani ya fremu pamoja na bahasha yake. Mji mzima wa Willenhall uliijua. Mwaka 1974 vijana fulani wa bendi ya Walsall, mji wa jirani, walimtaka Clive akawapigie gitaa la besi. Walikuwa wanakwenda Ujerumani, na kurudi kwao hakukuwa leo wala kesho. Clive, ambaye hata soksi alichaguliwa na mama yake, alishindwa kukata shauri. Akamwandikia Crake: niende au nibaki? Akaapa mbele ya mama yake na mbele ya Noreen, mchumba wake, kwamba atakalosema Crake ndilo hilo hilo.

Baada ya majuma matatu jibu likaja na muhuri wa posta wa London. Mama yake, Edna, aliyefungua posta yote ya nyumba ile, iwe yake isiwe yake, alimletea mezani.

"Mdogo wangu Clive," iliandikwa, "barabara haina mama. Baki kwenu, oa msichana wako, shika kazi yako."

"Mkubwa kashasema," Edna alimwambia, akaendelea kumenya viazi. "Mtii."

Siku hiyo hiyo Clive alimpelekea Noreen barua pamoja na pete. Noreen alisoma, akalia, na kisa hicho Clive amekisimulia kwenye kila harusi aliyoalikwa. Wakaoana. Noreen aliacha nafasi aliyopata chuo cha uuguzi Leeds. Uuguzi akaufanyia nyumbani: Edna alipopooza, Noreen ndiye aliyemgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko miaka tisa, bila kumwita mama hata siku moja.

Clive alitengeneza kufuli kiwandani miaka arobaini na mbili. Wale vijana wa Walsall walijaza kumbi mpaka Japani. Kila alipowaona kwenye televisheni, aliinua macho kwenye fremu akajiambia: hata hivyo, mimi Crake aliniandikia. Hilo ndilo lililomtegemeza. Wapo watu wanaoishi kwa vitu vidogo kuliko hicho.

Sasa aliishusha fremu, akachomoa bahasha, akaisogeza machoni. Miaka hamsini alikuwa ameitazama kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba yake. Namba ya nyumba ya mama yake ilikuwa 77, na kwenye anwani saba zote mbili zilikatwa katikati kwa kistari.

Akaenda nayo jikoni. Kwenye mlango wa friji palibandikwa namba ya simu ya daktari, kwa mwandiko wa Noreen. Saba zake zilikuwa na kistari tumboni, kama baba yake Mpolandi alivyomfundisha.

"Kumbe ni wewe!" alifoka. "Crake wakati ule hata kalamu hakujua kuishika. Ni wewe, Noreen!"

Noreen alizima jiko. Hakujifanya haelewi.

"Ni mimi. Shangazi alinitilia posta kule London."

"Nyoka we! Miaka hamsini unaniona nainyenyekea, unacheka moyoni! Kama ulitaka nibaki, si ungeniomba kwa mdomo wako? Ulitaka mume, basi, ukaniulia kipaji changu." Machozi yalimtoka, na aliona haya kulia, na haya ikamzidishia hasira. "Mimi ningekuwa mtu! Unasikia? Ningekuwa mtu!"

Noreen alivuta kiti akakaa. Alimtazama bila chuki. Chuki yake ilikwisha zamani, kidogo kidogo, kama sabuni.

"Bahasha ni yangu, Clive," alisema. "Lakini barua niliyoitia mle, kabla mamako hajaifungua, ilikuambia uende, na usinirudie."