Kadi ya Pili

Harusi ya wanawake ilipokwisha katika ukumbi wa Mabela, nilimnyooshea mkono Alesya, mpiga picha wetu. Anaijua desturi: humo ukumbini tunakaa vichwa wazi, kwa hiyo kadi ya kamera yenye picha hubaki kwa mama wa biharusi, na leo ndiye mimi.

Akanipa. Ndogo kama ukucha.

"Kamera yako inaweka kadi mbili, picha zile zile kwenye zote," nikamwambia. Nilikwishaulizia.

Hakubisha. Kwao Belarusi alitoa filamu sita na vitabu viwili vya mashairi, mpaka serikali ilipomwingilia nyumbani ikazoa kila kitu. Sasa anapiga harusi zetu. Akafungua ubavu wa kamera, akaitoa ya pili, uso mkavu kama anayemwonyesha askari kitambulisho.

"Kabla hujaifuta hii," akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "tazama mama yako anavyocheza. Tangu nitoke kwetu sijapiga picha kama ile."

Mama? Mimi nilikuwa mlangoni napokea wageni. Tangu tumzike baba, mama hata vigelegele hapigi.

Alesya alikwishaanza kukunja waya za taa zake.

Kadi moja nikaitia mkobani. Nyengine nikamnyooshea, abaki na picha ya mama. Hata hakuinua macho.