Kidole cha Bi Mwanasiti

Sheria ilitaka kisanduku cha dawa ya kuachia unga wa kulevya kifunguliwe kwa kidole cha mtu uliyemwibia. Hivyo kila asubuhi Bi Mwanasiti, jirani aliyeibiwa masufuria yake yote na Shekue, alikuja kumfungulia, daktari akiwatazama kwenye skrini. Miaka minne, hajakosa hata siku moja.

Leo kisanduku kilikataa kidole mara mbili. Mara ya tatu ndipo kikafunguka. Shekue akaweka kidonge chini ya ulimi, akakitazama kidole kile: mistari ilikuwa imelika kwa kusugua vyombo.

“Kinaisha, mwanangu,” Bi Mwanasiti alisema, akacheka.

Shekue hakucheka. Kidonge kilipoyeyuka, akamfuata hadi mlangoni kwake.

“Mama, naomba masufuria. Kuanzia leo nasugua mimi.”