Mfuniko wa Shaame

Kila Mwatumu alipojipima kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo cha sheria, mumewe Shaame ndiye aliyeshika saa. Muda ukiisha, aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. "Kalamu chini, Mheshimiwa!"

"Dakika moja tu, jamani!"

"Kakate rufaa kwa mama mkwe wako!"

Hakimu huyo wa jikoni hakuwahi kumwongezea hata sekunde, na swali la mwisho lilimponyoka kila mara.

Matanga ya Shaame yalipoanuliwa, mtihani ukiwa kesho yake, Mwatumu alikaa tena mezani. Alilijibu swali la mwisho. Muda ulishapita kitambo.

Wifi yake akauchukua mfuniko. "Nigonge, wifi?"

"Bado," alisema Mwatumu, akirudia swali la kwanza.

Wifi akabaki na mwiko juu.