Kompyuta Iliyovalishwa

Joto la prosesa lilipofika nyuzi tisini, Afra alilikatiza jaribio la kasi kabla kompyuta haijajizima yenyewe.

Hakuelewa. Asubuhi alikuwa ameongeza kasi ya prosesa kidogo kidogo, akiipima kila hatua, na joto halikuvuka sabini. Bila kasi hiyo, video ya harusi aliyokuwa akiihariri isingekamilika leo.

Akainama chini ya meza. Juu ya kasha la kompyuta, pale feni inapotolea hewa ya moto, palikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, pembe zake zimenyooshwa vizuri.

"Umekiona?" bibi yake aliuliza kutoka mlangoni. "Redio imevaa, friji imevaa, hiyo yako tu ndiyo ilikuwa uchi. Watu wa hapa Usagara wangetusema, mwanangu."

Afra alikigusa ukingoni. Vitanzi viwili vilikuwa vimerukwa. Siku hizi macho ya Bibi hayauoni vizuri uzi mweupe.

"Kimekaa sawa?"

"Sawasawa, Bibi. Kimependeza."

Bibi akavuta kiti, akakaa kuitazama kompyuta. Afra akamwandikia mwenye harusi kwamba video itachelewa kidogo, kisha akaanza kuishusha kasi ya prosesa, kitambaa kikiwa palepale.