Bangili ya Wodini

Shemsa aliruhusiwa kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya miezi kumi na minne, akiwa na bangili mkononi kama sheria ilivyotaka. Angelia tu, bangili ingetoa taarifa wodini, naye angerudishwa siku hiyohiyo.

Haukupita mwezi, mama yake akafariki. Msibani, mama yake mdogo, Mwanahawa, alimkumbatia.

"Lia, mwanangu, utoe uchungu."

"Nikilia watanifungia tena, mama."

Akakaa mkekani macho makavu, majirani wakinong'ona kwamba hana huruma.

Arobaini ilipopita, muuguzi alikuja kuikata bangili.

"Umepona," alisema.

Shemsa akajifungia chumbani kwa marehemu, akaikumbatia khanga yake, ajililie. Adhuhuri ilimkuta bado anasubiri chozi la kwanza.