Choo Kilichotangaza

Siku hizo kila choo kilipima mkojo na kuwatangazia wote waliomo nyumbani hali ya aliyekitumia. Ndiyo ilikuwa sheria. Kwa hiyo mkojo wa Mzee Anyelwisye, mwashi mstaafu, ulipoanza kukatika-katika, akawa anajisaidia nyuma ya migomba. Mkewe Tusekile alimwona, akadhani ni mambo ya uzee.

Masika yalipokwisha, mgongo ulimuuma mpaka miguu ikakataa kumbeba. Hospitalini daktari aliwaambia ni saratani ya tezi dume, nayo imeshaingia kwenye uti wa mgongo.

“Haitapona, ila tutaipunguza kasi,” alisema. “Sindano zitazima homoni za kiume, na mionzi itatuliza maumivu. Kutembea tena, siwezi kuahidi.”

Daktari alipotoka, Tusekile alikaa ukingoni mwa kitanda.

“Baba Lugano, choo kingetuambia mapema. Uliogopa kufa?”

“Kufa hapana. Niliogopa utakavyoniangalia.”

Tusekile akachukua kikombe cha uji, akaanza kumnywesha. Alijitahidi kumtazama kama alivyomtazama miaka yote, akashindwa. Mzee Anyelwisye akafumba macho, akaendelea kunywa.